Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Namna ya Kukifanya Kipindi cha Mieleka Kivutie Zaidi kwenye Televisheni

Maswali yafuatayo huulizwa na waandaaji wa mieleka ya burudani, watayarishaji wa televisheni, na wapenzi wa mchezo huu wanaoshangaa kwa nini kipindi kimoja huwafanya watu wasahau rimoti ilipo, huku kingine chenye wanamieleka hodari zaidi kikizimwa kabla ya nusu saa. Majibu yote yanatokana na jambo moja. Mtu aliyeko ukumbini amekwisha kulipa kiingilio na hataondoka, ilhali aliyeko sebuleni ana ruhusa ya kuondoka kila dakika. Kwa hiyo kila uamuzi unaohusu kipindi unapaswa kuanza na yule wa sebuleni.

Ikiwa kila mtu anajua kwamba matokeo yamepangwa, mtazamaji anasubiri nini?

Anasubiri kile kile anachosubiri mtazamaji wa tamthilia, yaani kujua itakuwaje. Mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon, iliyokuwa ikiitwa WWF na leo inaitwa WWE, ilikiri mbele ya seneti ya jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani na kwamba haina ushindani wa kweli, lengo likiwa kukwepa kanuni na tozo zilizowekewa michezo ya ulingoni. Siri ya biashara ikatoka nje, na hata hivyo miaka iliyofuata ndiyo iliyokuja kuzaa ushindani mkubwa kuliko wote wa vipindi vya mieleka. Kujulikana kwa mpango hakuui kipindi. Mtazamaji akikosa swali la kujiuliza, hapo ndipo kipindi kinapokufa.

Mfano ulio wazi ni wa tarehe 13 Aprili 1998. Kwa wiki 83 mfululizo, kipindi cha Raw cha WWF kilikuwa kimeshindwa kwa idadi ya watazamaji na Nitro, kipindi cha kampuni hasimu ya WCW kilichorushwa usiku huo huo wa Jumatatu. Safari hii Raw ilijengwa yote juu ya ahadi kwamba Steve Austin, mfanyakazi mtukutu, angepambana na McMahon, bosi wake. Pambano lenyewe halikufanyika, kwa sababu mwanamieleka mwingine, Dude Love, alilivuruga kabla halijaanza sawasawa, lakini usiku ule Raw ilishinda. Hakuna aliyekaa ili kuziona mbinu za McMahon, ambaye kazi yake haikuwa mieleka. Walikaa kwa kuwa kila aliyewahi kunyanyaswa na mkubwa wake wa kazi alitaka kuona kama mkono wa Austin utafika shavuni.

Kabla ya kuliingiza pambano lolote kwenye ratiba ya kipindi, basi, mwandishi aandike kwa sentensi moja swali ambalo pambano hilo linaliuliza. Ikiwa sentensi pekee anayoiweza ni “nani atashinda”, pambano hilo bado halijaiva.

Mtu anayefungua televisheni katikati ya kipindi atamjuaje shujaa na atamjuaje mwovu?

Amjue kwa macho kabla ya kumjua kwa masikio. Televisheni ya Marekani ilipokuwa changa, mwishoni mwa miaka ya 1940, mieleka iliipenda sana kwa sababu ulingo mmoja wenye mataa ya kutosha ungeweza kupigwa picha kwa kamera chache. Aliyenufaika kuliko wengine wote ni Gorgeous George, mwanaume mwenye nywele za dhahabu zilizotiwa mawimbi, aliyeingia kwa joho la kifahari huku mtumishi wake akipuliza manukato ulingoni ili bwana asikanyage mahali penye harufu ya watu wa kawaida. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba mtu yule anajiona.

Nchini Japani, mwaka 1954, umati ulijazana mbele ya televisheni zilizowekwa barabarani kumtazama Rikidozan akipambana na wageni wakubwa wa mwili waliokuwa wakicheza rafu, naye akivumilia hadi uvumilivu unamwisha na mapigo yake ya kiganja yanaanza. Hadithi ile ilieleweka bila sentensi hata moja.

Jaribio tunalolipendekeza ni la bure: kizime sauti kipindi chako kwa dakika tano, umwonyeshe mtu asiyefuatilia mieleka, kisha umwulize nani ni stelingi na nani ni adui. Akibabaika, tatizo liko kwenye mavazi, mwendo na nyuso, wala halitatibiwa kwa maneno ya mtangazaji.

Kwa nini pambano lililowaka ukumbini linaonekana baridi kwenye skrini?

Mara nyingi kosa ni la picha. Nguvu ya pigo huonekana katika mwili mzima wa anayepiga na wa anayepigwa. Picha ikikatwa katikati ya mwendo, jicho hupoteza chanzo cha pigo na kubaki na matokeo yake tu. Kwa miaka mingi utayarishaji wa WWE chini ya Kevin Dunn ulilalamikiwa kwa kubadilisha kamera kwa kasi kupita kiasi na kuitikisa picha kila pigo linapotua. Dunn aliondoka mwishoni mwa 2023, na chini ya Lee Fitting picha zikaanza kukaa: kamera moja humfuata mwanamieleka kutoka nyuma ya jukwaa, kupitia korido, hadi kwenye pazia la kuingilia bila kukatwa, na mtazamaji akajihisi anatembea naye. Mabadiliko hayo hayakuhitaji kusajiliwa kwa mwanamieleka mpya hata mmoja.

Utaratibu unaofaa ni kwamba kamera kuu, ile iliyowekwa juu upande mmoja wa ukumbi, ibebe sehemu kubwa ya pambano, na kamera za begani zilizo kando ya ulingo ziingie pale uso unapokuwa na la kusema, kama vile maumivu, kusita, au kejeli. Mwanamieleka naye lazima ajue kamera kuu iko wapi, kwa sababu uso ulioipa kamera kisogo haukuwahi kuwepo kwa watu wa nyumbani. Wapo wakongwe wa ukumbini, mabingwa wa kuuchezea umati wa pande zote nne, ambao hupotea kabisa kwenye televisheni kwa sababu hii moja.

Tiketi zisipouzwa zote, waliokuja waketishwe kwanza upande unaotazamana na kamera kuu. Mwanga uelekezwe kwa namna ambayo safu za mbele za watazamaji zinaonekana, kwa kuwa mtazamaji wa nyumbani hujifunza namna ya kuhisi kutokana na nyuso za watu anaowaona wakihisi. Marudio ya picha nayo yatolewe baada ya tukio kutulia. Kurudia pigo huku mwathirika akiwa tayari ameinuka na kurudi vitani ni kumnyima mtazamaji kinachotokea sasa kwa ajili ya kilichokwisha kutokea.

Uhasama kati ya wanamieleka wawili udumu kwa muda gani?

Udumu maadamu kila kituo chake kinabadilisha jambo. Hulk Hogan alimshinda André the Giant mbele ya umati mkubwa tarehe 29 Machi 1987, na waliporudiana tarehe 5 Februari 1988 kwenye mtandao wa NBC, walitazamwa na watu wapatao milioni 33, idadi ambayo mieleka ya Marekani haijaifikia tena. Ndani ya pambano lile fupi mwamuzi alihesabu hadi tatu ilhali bega la Hogan lilikuwa limeinuka, mara wakatokea waamuzi wawili wanaofanana kama mapacha, na André akamkabidhi mkanda wa ubingwa Ted DiBiase, tajiri aliyekuwa akijigamba kwamba hakuna kisichonunulika. Swali moja lilijibiwa na matatu yakazaliwa.

Mfano wa karibu zaidi ni ubingwa wa Roman Reigns, uliodumu siku 1,316 kuanzia Agosti 2020 hadi Cody Rhodes alipouchukua tarehe 7 Aprili 2024. Siku hizo zingechosha kama hadithi ingemhusu Reigns na wapinzani wake pekee. Waandishi waliipeleka ndani ya familia yake, wakamwingiza Sami Zayn, mtu wa nje aliyetamani kukubaliwa na ukoo ule, wakamwacha achekeshe kwa miezi, kisha Januari 2023 wakampa kiti mkononi na kumtaka ampige rafiki yake. Alimpiga Reigns badala yake. Ukumbi ulilipuka kwa sababu ulikuwa umeulizwa swali hilo wiki baada ya wiki, bila haraka.

Hatari ya upande wa pili ni shujaa asiyebadilika. Uingereza ilikuwa na mieleka ya Jumamosi alasiri kwenye kituo chake cha televisheni cha ITV, desturi ya familia nzima, lakini katika miaka yake ya mwisho ilimwegemea mno Big Daddy, jitu pendwa ambalo mapambano yake yaliishia pale pale kila mara. Mieleka hiyo iliondolewa hewani mwaka 1988. Zipo sababu nyingine, ila kutabirika hakukusaidia.

Je, mambo ya kushtukiza huongeza watazamaji?

Huongeza, yakitunzwa. Nitro ilipoanza tarehe 4 Septemba 1995, Lex Luger alijitokeza humo ilhali watazamaji walimjua kuwa ni mtu wa WWF, na ujumbe ukawafikia wote kwamba huku lolote laweza kutokea. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1996, Hogan, aliyekuwa shujaa wa watoto kwa zaidi ya miaka kumi, aligeuka na kujiunga na waovu, na mshtuko huo ukaibeba WCW kwa karibu miaka miwili.

Kampuni hiyo hiyo ndiyo somo la kinyume chake. Kufikia mwaka 2000 mkanda wake ulikuwa ukibadilisha kiuno karibu kila watu walipopepesa macho, hadi mwigizaji wa filamu David Arquette akatangazwa bingwa wa dunia. Mkanda unaoweza kuvaliwa na yeyote haumtii mtu hamu ya kusubiri nani atauvaa. Nitro ya mwisho ilirushwa tarehe 26 Machi 2001, baada ya WCW kununuliwa na mshindani wake.

Kipimo chetu ni hiki: mshtuko mzuri humfanya mtazamaji akumbuke dalili alizozipuuza wiki zilizopita. Ukimfanya ahisi kwamba wiki hizo zote zilikuwa bure, umemwibia muda wake, naye hatausahau.

Urefu unaofaa wa kipindi ni saa ngapi?

Raw ilianza Januari 1993 ikiwa na saa moja, ikawa ya saa mbili mwaka 1997, na Julai 2012 ikawa ya saa tatu. Saa ya tatu ililetwa na fedha za matangazo. Hadithi hazikuwa zimeiomba, na kwa miaka mingi mapambano ya kujazia yalionekana waziwazi. Ilipohamia Netflix Januari 2025, chini ya mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 5, iliacha kubanwa na saa kamili, jambo ambalo kwa maoni yetu lina faida kuliko mataa yote mapya. Kampuni yenye wahusika kumi na wawili wanaojulikana isikubali zaidi ya saa mbili, hata ikibembelezwa.

Mapumziko ya matangazo ya biashara yashughulikiwe vipi?

Mazoea ya kale ni kuwaangusha wanamieleka nje ya ulingo, kwenda kwenye matangazo, na kurudi kukuta mmoja amemkaba mwenzake shingo sakafuni. Watazamaji wamekwisha kuyajua, na wanajua pia kwamba pambano haliishi wakati wa matangazo, hivyo huenda jikoni kwa amani kabisa. AEW, kampuni iliyoanzisha kipindi chake cha Dynamite Oktoba 2019, hutumia skrini iliyogawanywa ili pambano liendelee kuonekana pembeni ya tangazo. Penye uwezekano huo, utumike, na mara moja moja jambo zito litokee ndani ya kidirisha kile kidogo. Likitokea mara moja tu katika miezi kadhaa, linatosha kuwazuia watu kuondoka. Pasipo na uwezekano huo, mapumziko yawekwe baina ya mapambano, na kila moja litanguliwe na swali, kama vile mlango wa chumba cha kubadilishia nguo unaogongwa na mtu ambaye hatujamwona.

Mtangazaji afanye kazi gani hasa?

Aseme kile ambacho picha haisemi: kwa nini goti lile linauma, ni ahadi gani iliyovunjwa, bingwa anapoteza nini akishindwa usiku huu. Kent Walton, sauti ya mieleka ya Uingereza kuanzia 1955 hadi 1988, alizungumza kwa utulivu na kuheshimu ukimya, na hesabu ya mwamuzi ikasikika. Watangazaji wa leo hulazimishwa kutaja wadhamini, vipindi vijavyo na majina rasmi ya kila pigo, huku wakielekezwa masikioni mwao na mtu aliyeko nyuma ya jukwaa. Matokeo yake ni watu watatu wanaozungumza kwa pamoja juu ya kila jambo isipokuwa lile linalotokea.

Mtangazaji pia asiwe mlango wa kutokea. Tarehe 4 Januari 1999 Tony Schiavone wa Nitro, kwa maagizo ya bosi wake, alitoboa kwamba kwenye Raw iliyorekodiwa kabla, mwanamieleka Mick Foley angetwaa ubingwa, akabeza kwamba jambo hilo litajaza viti. Watazamaji wengi walihama papo hapo kwenda kumwona Foley akishinda. Usiku ule ule Nitro ilihitimisha pambano la ubingwa kwa Hogan kumgusa Kevin Nash kifuani kwa kidole, na Nash akajilaza chini.

Tambo za kwenye mikrofoni ziandikwe neno kwa neno?

Hapana, isipokuwa kwa asiyejua kabisa kuzungumza, na huyo ni afadhali apewe msemaji. Mwanamieleka apewe hoja mbili au tatu na dakika zake, kisha aachwe azitambe kwa lugha yake mwenyewe. Maneno ya kukariri hutambulika kwa macho yanayotafuta sentensi ijayo angani.

Umati wa ukumbini una uzito gani kwa mtazamaji wa nyumbani?

Mwaka 2020 ulijibu swali hili kwa namna ambayo hakuna mtafiti angethubutu kuijaribu. Janga la korona lilipofunga kumbi, mapambano yalirushwa katika ukimya ambamo pumzi za wanamieleka zilisikika, na mbinu zile zile zilizokuwa zikiamsha watu vitini zikafanana na mazoezi. Agosti mwaka huo WWE ilizungusha ulingo kwa skrini zenye nyuso za watazamaji walioko majumbani na kuongeza sauti za kushangilia. Ilisaidia, ingawa sauti hizo zilishangilia kwa kipimo kilichopangwa na fundi mitambo.

Kipindi kile kilizaa pia mapambano yaliyopigwa mithili ya filamu, nje ya ukumbi, yenye muziki na picha zilizohaririwa, njia ambayo kipindi cha mieleka cha Lucha Underground kilikuwa kimeipitia tangu 2014. Yanapendeza yakiwa machache, kwa mfano kuhitimisha uhasama wenye mambo ya kimazingara. Yakizoeleka, hushindana na filamu za kweli zenye bajeti za kweli, na mieleka haitashinda huko.

Je, mapambano ya wanawake yapewe nafasi gani?

Nafasi inayolingana na hadithi zao. Februari 2015 pambano la wanawake wanne kwenye Raw lilimalizwa katika nusu dakika hivi, na hasira ya watazamaji mtandaoni ikailazimisha WWE kubadilika. Tarehe 7 Aprili 2019 Becky Lynch, Ronda Rousey na Charlotte Flair walifunga WrestleMania, onyesho kubwa kuliko yote la WWE kila mwaka, kwa pambano la mwisho la usiku. Kilichobadilika katikati ni dakika walizopewa na sababu za kupigana.

Tukitaka kubadilisha sura ya kipindi, tubadilishe mara moja au polepole?

Polepole. Tarehe 14 Julai 1984 watazamaji wa kituo cha Marekani cha TBS waliofungua televisheni kuangalia mieleka yao ya Georgia waliyoizoea walimkuta McMahon na kanda za mapambano ya kwingineko. Malalamiko yalimiminika kwa simu na barua, na mwaka uliofuata akauza nafasi ile ya saa. Nembo, muziki na jukwaa vinaweza kubadilishwa wiki moja. Sauti ya mtangazaji aliyezoeleka na siku ya kipindi viachwe hadi watu wawe wamekaa.

Vipande vya video mtandaoni vinatuibia watazamaji?

Vinaiba pale vinapoonyesha jibu. Weka mtandaoni tukio lililofungua swali, na jibu lake libaki kwenye kipindi angalau hadi siku inayofuata.

Kampuni ndogo isiyo na fedha nyingi ianzie wapi?

Ianzie studio. Huko Memphis, kwa miaka mingi, kipindi cha Jumamosi asubuhi kilirushwa moja kwa moja kutoka studio ya WMC-TV, chenye ulingo, watazamaji wachache kwenye ngazi za viti, na meza ambako Lance Russell aliwahoji wanamieleka kwa sura ya mtu mzima anayejaribu kuamua ugomvi wa jirani. Kazi yake ilikuwa kuuza tiketi za ukumbi za Jumatatu usiku, na ndiyo maana hakuna dakika iliyopotea: kila mahojiano yaliacha deni la kulipwa Jumatatu.

Fedha za kwanza ziende kwenye sauti, kwa sababu mtu huvumilia picha hafifu lakini hukimbia sauti mbovu; mikrofoni moja chini ya ulingo na mbili zinazoelekea kwenye umati hubadilisha kipindi kizima. Zinazofuata ziende kwenye mwanga, kisha kamera ya begani ya pili, kisha fundi mmoja wa kuhariri anayelipwa vizuri ili asihame. Fataki, moshi na skrini kubwa ya kuingilia vinaweza kusubiri hadi msimu wa tatu, na kama ifikapo wakati huo watazamaji bado wanauliza wiki ijayo itakuwaje, huenda visihitajike hata kidogo.